Bomba Husema Usiku

Hii ni hotuba niliyoitoa Tononoka, hapa Mombasa, juu ya akili unde (AI) katika usimamizi wa maji, mbele ya wakazi, mafundi wa maji, wachuuzi wa madumu na vijana wa kompyuta. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha madumu yenu kwenye foleni mkaja kunisikiliza, Mungu awalipe. Vijana wa kompyuta, nawaona huko nyuma, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba mikono. Nani leo asubuhi amefungua mfereji nyumbani kwake ukatoa maji? Ahsanteni, shusheni. Nani ameoga kwa maji ya dumu, ya boza au ya kisima? Tazameni huku na huku. Tazameni vizuri. Hesabu hiyo mliyoifanya kwa macho sasa hivi haimo katika kompyuta yoyote, na hiyo ndiyo habari yangu ya leo.

Nimeitwa nizungumze juu ya akili unde katika usimamizi wa maji. Najua wapo waliokuja wakitumaini nitawaambia kuna mtambo uko njiani kutuondolea shida. Ndugu zangu, mtambo hautoi maji. Hata tone. Kazi ya akili unde ni kusikiliza mambo mengi kwa pamoja, kuyakumbuka yote, kisha kubashiri. Na husikia pale tu ilipowekewa sikio. Narudia: husikia pale tu ilipowekewa sikio. Usipoweka sikio Mtongwe, kwa mashine hiyo Mtongwe haiko duniani.

Niwape kisa.

Nilianza kazi ya mabomba nikiwa na miaka 22, msichana peke yangu katika kikosi cha wanaume. Nikawekwa chini ya fundi mmoja mzee, Mungu amrehemu, mtu wa maneno machache. Usiku wangu wa kwanza alinipeleka Majengo saa nane za usiku. Mkononi ana nondo, ncha moja imelainika kama kokoto ya pwani kwa miaka ya kutumika. Akafunua kifuniko cha vali, akasimamisha nondo juu ya chuma, akainama, akaegemeza ile ncha laini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akafumba macho. Kisha akanipa mimi. "Usifanye haraka," akaniambia.

Nikasikia kitu kama mafuta ya kukaangia yanayochemka nyumba ya tatu. Nikaruka: bomba linavuja hapa! Akatikisa kichwa. "Hilo ni tangi la mtu linajaa." Tukaenda hatua kama thelathini, vali nyingine. Kwangu mimi sauti ni ile ile. Kwake yeye, sivyo. Tukakaa. Tulikaa robo saa nzima ukingoni mwa barabara, paka wanapita, mpaka sauti ya kwanza ikakatika na ya pili ikabaki vile vile, haipandi, haishuki. "Tangi hushiba," akasema. "Ufa haushibi."

Asubuhi tulichimba shimo moja. Moja tu! Nilipoingiza mkono mpaka begani udongo ulikuwa tope, na chini ya tope bomba la chuma lina ufa usiozidi ukucha wangu wa kidole gumba. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu ya kuumiza kiganja. Juu yake barabara ilikuwa kavu kabisa. Watu wamepita hapo siku ngapi, miezi mingapi, hakuna aliyejua.

Sasa vijana, mkiulizwa akili unde ya kutafuta mivujo ni kitu gani, jibuni: ni yule mzee. Hubandikwa vidude vya kunasa sauti kwenye vali, vikasikiliza usiku kucha. Mafundi huzipa sauti zile majina: huu ni ufa, hili ni tangi, hili ni lori, hii ni pampu ya jirani. Maelfu kwa maelfu. Ikishasikia mifano ya kutosha, mashine hujifunza tofauti. Na ikiwa na masikio mawili kwenye bomba moja, hupima sauti imefika wapi kwanza na kwa tofauti ya muda gani, ikakokotoa ufa uko mita ngapi kutoka kila sikio. Kwa nini usiku? Kwa sababu watu wamelala, mifereji imefungwa, msukumo uko juu. Maji yanayotembea saa tisa za usiku yana la kueleza.

Haya. Tatizo letu liko wapi?

Mashine nyingi za namna hiyo zimefundishwa katika miji ambayo maji hayakatiki. Sisi tuna mgao. Bomba letu siku nyingine liko tupu, na bomba tupu halisemi. Likifunguliwa, hewa hutangulia. Wenye mita mnajua: mita huzunguka kwa upepo kabla tone halijatoka, na bili hulipwa kwa huo upepo. Mlio huo mashine ya ng'ambo haijawahi kuusikia. Itapiga yowe la ufa kila kona. Tena mabomba ya plastiki, ambayo ndiyo tunayoyalaza siku hizi, hayabebi sauti kama ya chuma. Kwa hiyo anayekuja kutuuzia mtambo aulizwe kabla ya bei: mtambo wako umewahi kusikia bomba la Kisauni siku ya mgao? Kama haujasikia, akubali kwanza ukae nasi ufunzwe hapa, na mafundi wetu, kwa sauti zetu.

Kazi ipo, tena kubwa. Kwa hesabu za mdhibiti wa huduma za maji nchini, katika kila lita 100 zinazotiwa mabombani Kenya, takriban 40 na zaidi haziingizi hata senti. Nyingine zimevuja, nyingine zimeibwa, nyingine zimepita kwenye mita mbovu. Na maji yetu sisi yanatoka mbali mno kwa kupotezwa. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Vyanzo vyetu vikuu ni vinne: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi. Hata kimoja hakimo ndani ya Mombasa. Bomba la Mzima lina urefu wa kilomita 220 hivi, na maji yake huteremka yenyewe; ya Baricho husukumwa kwa stima, na stima hulipiwa. Lita inayomwagika Majengo imepita Voi, imepita Maungu, mbele ya watu ambao nao wana kiu, ikaja kufia chini ya lami yetu.

Lakini msinielewe vibaya, siyo lazima kuwa na mtambo ndipo ukomeshe upotevu. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa ukipoteza lita 72 katika kila 100. Nchi imetoka vitani, mabomba yameoza, vitabu vya wateja ni vurugu. Mkurugenzi mpya, Ek Sonn Chan, alianza kwa kutuma watu nyumba kwa nyumba kuandika nani anatumia maji. Akafunga mita. Wakubwa wasiotaka kulipa aliwakatia maji. Mmoja, jenerali, alimtolea bunduki, naye akarudi na askari na kukata bomba. Baada ya kama miaka 15 upotevu ulishuka ukafika lita 6 hivi. Akili unde haikuwapo. Kulikuwa na daftari, mita, na mtu asiyeogopa wakubwa. Nasema hivi kwa sababu kuna maji yanayopotelea ardhini na kuna maji yanayopotelea mifukoni mwa watu. Haya ya ardhini mashine itasaidia sana kuyapata. Yale mengine itayaonyesha kwenye kioo, kwa rangi nyekundu, mtaa kwa mtaa. Kisha itabaki kutungojea sisi.

Jambo la pili nataka kuwapeleka karibu tu. Tuvuke feri Likoni, tushike njia ya Ukunda, tuingie vijijini Kwale.

Tangu miaka ya 1980 Kwale ina pampu nyingi za mkono. Mnazijua: mama anashika mpini, juu chini, juu chini, mtoto amekinga dumu. Pampu hizo huharibika. Kipira kimekwisha, fimbo imekatika, basi kijiji kinarudi kwenye dimbwi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jambo dogo sana. Ndani ya mpini walitia kifaa kinachohisi mwendo wa mkono na kutuma ujumbe mfupi kwa simu. Mpini ukitulia siku nzima mahali ambapo watu huteka kila siku, huko mbali mtu anajua pampu imekufa. Walijaribu Kyuso, kule Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Baadaye haikufika siku 3.

Siku 27, mama zangu. Hesabuni ni madumu mangapi kichwani. Ni siku ngapi za shule kwa msichana.

Lakini ngojeni, kuna kitu kilichonishangaza zaidi. Mpini hutetemeka. Ukiteka maji yaliyo karibu, mtetemo ni mwingine. Ukiyavuta kutoka kina kirefu, mtetemo ni mwingine. Watafiti wakachukua mitetemo ya pampu za Kwale, wakaifunza mashine, na mashine ikaanza kukadiria maji yako kina gani chini ya ardhi. Yaani mama anayeteka maji ya uji alfajiri, bila kujua, mikono yake inapima hali ya maji ya ardhini ya eneo zima! Mtaalamu angehitaji kuchimba visima vya kupimia kwa gharama kubwa. Kumbe kipimo kilikuwa mikononi mwa yule mama miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kukisikiliza.

Ndivyo ninavyotaka tufikiri hapa mjini. Tusiulize kwanza tutanunua nini. Tuulize ni mikono gani hapa Mombasa inayopima maji tayari, kila siku, na hakuna anayeiandika?

Na tafadhali tusisahau mwisho wa kisa. Ujumbe mfupi haukutengeneza pampu. Aliyetengeneza ni fundi mwenye spana, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye vipuri mkononi. Mtambo wa kutambua mivujo elfu katika mji usio na mafundi wa kuziba mivujo kumi ni mzigo juu ya mzigo.

Sasa nisafiri mbali kidogo, mpaka Flint, mji wa Marekani katika jimbo la Michigan. Kisa hiki nimekibeba moyoni kwa muda mrefu.

Mwaka 2014 mji wa Flint uliacha chanzo chake cha maji na kuanza kuchota mto wao wenyewe ili kupunguza gharama. Maji yale yalikula mabomba, kwa kuwa hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, na mabomba mengi ya kuingilia nyumbani yalikuwa ya risasi. Madini ya risasi yakaingia ndani ya maji, na kwa maji hayo watoto wakanyweshwa sumu. Wakazi walilalamika, wakabeba chupa za maji ya rangi ya kahawa mikutanoni, wakaambiwa maji ni salama. Hayakuwa salama.

Ikaja zamu ya kung'oa mabomba ya risasi. Yako wapi? Hakuna ajuaye. Kumbukumbu za mji zilikuwa kadi ndogo za karatasi, makumi ya maelfu, zilizoandikwa kwa mkono, nyingine hazisomeki. Kuchimba kila nyumba ni ghali. Wataalamu wa vyuo vikuu, Jacob Abernethy na Eric Schwartz, wakakusanya kila kilichojulikana: nyumba imejengwa lini, iko wapi, kadi zinasemaje, mashimo yaliyokwisha chimbwa yalionyesha nini. Mashine ikajifunza kubashiri wapi pana risasi. Mwaka 2017, katika kila nyumba 10 zilizochimbwa, kama 7 zilikuwa na bomba la kung'olewa.

Halafu wakaiacha. Mkandarasi mpya, utaratibu mpya, wakachimba mtaa baada ya mtaa bila kufuata ubashiri. Mwaka 2018 walichimba zaidi ya nyumba 10,000 wakapata risasi kwenye 1,567 tu. Kama 15 katika kila 100. Ilibidi suala lifike mahakamani, na mwaka 2019 mji ukakubali kurudia ule ubashiri.

Kwa nini waliuacha? Wengine huwacheka wale watu. Mimi siwacheki. Fikirini: umedanganywa miaka miwili kuhusu maji ya mtoto wako. Leo unaona jirani anachimbiwa, wewe unarukwa, unaambiwa "kompyuta imesema nyumba yako ni salama." Utakubali? Mimi nisingekubali. Ningetaka uwani kwangu pia pachimbwe, nione kwa macho yangu. Wanasiasa walisikia kilio hicho wakakifuata, na hesabu ikaharibika, na nyumba zenye sumu zikaendelea kungoja.

Mashine ya Flint ilikuwa sahihi, ila haikuaminiwa. Na imani hiyo haikuvunjwa na mashine, ilivunjwa na watu miaka iliyotangulia. Hapa kwetu je? Ni nani ameahidiwa maji Jumatatu akayaona Ijumaa? Ni nani amepewa bili ya maji ambayo hayakufika? Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa mtaa mmoja wa Changamwe na ramani ya ofisi, tukachimba mashimo matatu barabarani, bomba halipo. Bomba lilikuwa limehamishwa, na aliyelihamisha alikwisha staafu. Mzee mmoja aliyekuwa akituangalia tangu asubuhi kwenye baraza yake akaja, akapiga mguu chini: "Hapa." Tukachimba, tukalikuta. Nikamuuliza, mbona hukusema mapema? Akanijibu, "Hamkuniuliza, mwanangu." Nilimwomba radhi, na leo namwomba tena.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko yote.

Mashine ya kugawa maji hujifunza kutokana na matumizi. Inasoma mita: mtaa huu umetumia kiasi hiki, ule kiasi kile, basi kesho tufungue vali namna hii. Je, mtaa ambao mfereji wake umekauka, mita yake inasemaje? Inasema sufuri. Mtu akiitazama sufuri ile atasema hawa hawana haja na maji. Mnaliona jambo hilo? Ukame wa mfereji utasomwa kama kutosheka! Na mtaa ambao maji hayakatiki, wenye bustani na bwawa la kuogelea, utasomwa kama wenye kiu kubwa. Mashine haina roho mbaya. Imefuata ilichopewa. Maji yatapelekwa yalikokwisha fika, na atakayeuliza ataambiwa ni hesabu.

Mama wa Mtongwe anayenunua madumu sita kwa siku kwa mwenye mkokoteni hana mita. Hana akaunti. Analipa kwa dumu moja bei ambayo mwenye mfereji angelipa kwa maji mengi zaidi ya hayo, na bado hayumo. Kwa hiyo naomba, mahali popote pale mtambo huu utakapowekwa, masikio ya kwanza yaanzie kwake. Bei ya dumu ni kipimo. Dumu likitoka shilingi 20 likafika 50 Likoni, hiyo ni habari kuliko vihisi mia, na kila mwenye mkokoteni anaijua kabla ya jua kuchomoza. Nyinyi wachuuzi, mliokaa safu ile ya kushoto, mnatukanwa sana katika mji huu. Mimi nasema nyinyi ndio ramani ya kiu ya Mombasa. Mkikubali kutuma ujumbe mmoja kila siku, mahali na bei tu, vijana hawa wataona mgao kama watu wanavyouishi, mbali na ule uliobandikwa kwenye ratiba.

Na ujumbe huo utumwe kwa Kiswahili chetu. Mtu wa hapa haandiki "kuna upungufu wa huduma." Anaandika maji yamepotea. Anaandika mfereji watoa upepo. Anaandika maji yana magadi. Mashine isiyoelewa maneno hayo haifai kuwekwa hapa, na kuifunza ni kazi ya vijana wa hapa, si ya mtu mwingine.

Nimetaja magadi, basi tugusie chumvi. Nendeni Ngome ya Yesu, mtaona kisima kilichochimbwa na Wareno ndani ya mwamba. Maji yake yalikuwa ya chumvi, yakifaa kuoshea tu, ndiyo maana ngome ina birika la kukinga mvua. Nendeni Gede, mji wa kale wenye msikiti mkuu, kasri na visima virefu. Baadhi ya wataalamu wa mambo ya kale huona kwamba kushuka kwa maji visimani ni mojawapo ya sababu za watu kuuhama. Pwani hii, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, kama mafuta juu ya mchuzi. Na kanuni yake ni kali: ukishusha usawa wa maji matamu kwa mita 1, chumvi chini yake huweza kupanda kwa mita 40 hivi. Arubaini! Kila nyumba inayochimba kisima chake na kuvuta kwa pampu usiku kucha inaikaribisha bahari kwa jirani.

Hapa ndipo naona akili unde ina faida ya haraka kwetu, hata kuliko mabomba. Kifaa cha kupima chumvi si ghali sana. Tukivitia visimani, vya misikiti, vya shule, vya nyumba za watu, tukasoma kila siku pamoja na mvua na kupwa na kujaa kwa bahari, mashine itaweza kutuambia kisima kipi kipumzishwe kabla hakijaharibika. Nasema kabla, kwa sababu kisima kikishaingia chumvi huchukua miaka kupona.

Utabiri wa mvua nitaupitia haraka. Unakwenda vizuri siku hizi na utatusaidia kupanga. Ila mashine hujifunza kwa yaliyopita, nasi tumetoka kuona misimu mitano mfululizo ya mvua ikikosa kati ya 2020 na 2022, kisha mafuriko mwisho wa 2023. Tusimwachie kompyuta peke yake ufunguo wa bwawa.

Kuna jambo lingine, na viongozi mliopo nawaomba mlisikie. Akili unde yenyewe hunywa maji. Kompyuta zake hukaa katika majumba makubwa, hupata joto, na majumba mengi ya namna hiyo hupozwa kwa maji. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon huko Marekani, ilibainika kwamba majumba ya Google yalikuwa yakitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji, na takwimu hizo zilitoka baada ya vuta nikuvute ya kisheria. Sasa tazameni ufuo wetu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinazoihudumia nchi hii na majirani huingilia hapa, tangu TEAMS na SEACOM mwaka 2009. Zilipo nyaya, vituo vya data hufuata, na tayari vipo. Sivipingi. Vinaleta kazi, na vijana wangu wanazihitaji. Ila kila kinachojengwa kiseme wazi kitapozwa kwa nini, kwa lita ngapi, kutoka wapi. Iandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Kupoza kwa njia nyingine kunawezekana, na maji yaliyokwisha tumika yanaweza kusafishwa yakafanya kazi hiyo. Haiwezekani mashine inayokuja kutusaidia kugawa maji ipange foleni mbele ya mama wa Mtongwe.

Nimechukua muda wenu. Nimalizie na hiki nilichokishika.

Hili ni daftari la yule fundi wangu. Aliniachia mwaka aliostaafu. Jalada limeliwa na mende, kurasa zina madoa ya grisi. Ukurasa huu umeandikwa: "Majengo, nyuma ya msikiti, vali iko hatua 11 kutoka mwarobaini." Mwarobaini ulikwisha katwa. Vali bado ipo, nimekwenda wiki iliyopita nikaisikiliza. Kuna vali 143 humu, mitaa ya kisiwani tu. Likoni hazimo. Kisauni hazimo. Mikindani na Miritini hazimo. Zimo vichwani mwenu.

Vijana wameshapiga picha kurasa zote, wameziweka kwenye ramani. Nimewaomba wakae kwenye meza ile mlangoni mpaka saa kumi na mbili jioni. Wana kalamu, wana simu, wana ramani ya kila mtaa imetandazwa. Wazee, mnaojua bomba lilihamishiwa wapi, anzeni nyinyi, mtaletewa viti. Mama zangu, semeni maji yalitoka lini mara ya mwisho na dumu leo ni bei gani. Wenye visima, semeni mwaka gani maji yalianza kuwa na ladha. Atakayependa jina lake lisiandikwe, halitaandikwa. Vijana wameelezwa sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu, nami nitasimama hapo kuhakikisha.

Yule mzee wa Changamwe aliniambia hatukumuuliza. Leo nawauliza.